Vilengeo vya bastola: namna ya kuchagua vinavyofaa jicho lako na hewa ya visiwani

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye leseni: mfanyabiashara wa Darajani au Chake Chake, hapa Zanzibar, anayefunga duka usiku, msimamizi wa ulinzi katika hoteli ya Nungwi, au mwanamichezo wa kulenga shabaha. Swali ambalo wengi huanza nalo ni "kilengeo kipi kizuri kuliko vyote?" Hapo ndipo fedha zinapopotea. Kilengeo kinachomfaa kijana wa miaka 25 kwenye uwanja wa shabaha kinaweza kuwa takataka kwa mzee wa miaka 55 mwenye ofisi ufukweni. Anza na jicho lako, ufuate mwanga wa mahali unapokaa, kisha chumvi ya bahari. Bei na umaarufu viwe vya mwisho.

Tuelewane kwanza juu ya kifaa chenyewe. Bastola ya kawaida ina vilengeo viwili. Cha mbele ni kijiti kifupi karibu na mdomo wa mtutu, na cha nyuma ni kipande chenye pengo katikati. Mpigaji hukiweka kijiti katikati ya pengo, mwanga ukiwa sawa kushoto na kulia, na vichwa vya vyote viwili vikiwa usawa mmoja. Kwenye bastola nyingi umbali baina ya vilengeo hivyo ni kama milimita 160. Kijiti kikikaa pembeni kwa milimita 1 tu, risasi itapotoka zaidi ya sentimita 6 katika mita 10, na zaidi ya sentimita 15 katika mita 25. Ndiyo maana uchaguzi huu si wa urembo.

Kabla hujagusa chochote

Toa magazini, yaani kasha la risasi. Vuta nyuma slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, na uikwamishe ibaki wazi. Tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kisha ingiza ncha ya kidole uhakikishe pako tupu. Risasi zote zikae chumba kingine, na mlango ufungwe. Fanya hivyo kila mara unapoichukua bastola, hata kama uliiweka mezani wewe mwenyewe dakika mbili nyuma. Kidole kisiguse triga, na mdomo wa mtutu usielekee kwa mtu. Kumbuka kwamba kuta nyingi za nyumba zetu za sasa ni tofali jembamba, na jirani yuko upande wa pili.

La pili ni karatasi. Usiagize kilengeo nje ya nchi wala usimpe fundi bastola yako bila kuuliza kwanza polisi waliokupa leseni. Waulize mambo mawili: je, kubadilisha sehemu hii kunahitaji kibali, na nani anaruhusiwa kuifanya kazi hiyo? Kama bastola italazimika kuvuka bahari kwenda kwa fundi wa Bara, uliza pia utaratibu wa kuisafirisha kabla hujakata tiketi ya boti. Jibu likipatikana kwa maandishi, hifadhi nakala pamoja na leseni.

Hatua ya 1: Lijue jicho lako

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye mzizi wa mambo.

Kwanza tafuta jicho linaloongoza. Nyoosha mikono yote miwili mbele, kutanisha viganja ubakize tundu dogo, na utazame kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kwa mfano mnara wa msikiti au kichwa cha mnazi. Macho yote mawili yawe wazi. Sasa funga jicho moja. Kitu kikibaki ndani ya tundu, jicho lililo wazi ndilo linaloongoza. Kikiruka kikatoka, ni lile ulilolifunga. Wapo wanaotumia mkono wa kulia huku jicho la kushoto likiongoza. Mtu wa namna hiyo hahitaji kilengeo maalumu. Anasogeza bastola kidogo kuelekea upande wa jicho lake, basi.

Pili, pima kama unakiona kijiti cha mbele. Jicho haliwezi kuona vizuri umbali mbili kwa wakati mmoja. Kwa vilengeo vya kawaida, kinachotakiwa kuonekana kwa makali yake ni kijiti cha mbele. Shabaha iwe na ukungu kidogo, na kilengeo cha nyuma vivyo hivyo. Shika kalamu nyembamba kwa mkono ulionyooka. Je, unaona ncha yake imekatika vizuri, au imevimba kama imepakwa mafuta? Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho huanza kukakamaa, na kuona karibu kunakuwa kazi. Hilo humpata kila mtu, na halina uhusiano na ustadi wake wa kupiga.

Miwani ya kusomea haitatui jambo hili, kwa sababu imetengenezwa kwa umbali wa kitabu, kama sentimita 40, na kijiti cha mbele kiko kama sentimita 70 kutoka jichoni. Mtu anayesomea miwani ya +2.50 mara nyingi atakuta kijiti kinamkaa sawa kwa +1.50 au chini yake kidogo. Nenda kwa mpima macho ukiwa umepima kwa rula umbali kutoka jichoni hadi kwenye kijiti, umwambie unataka kuona vizuri hapo. Bastola ibaki nyumbani, rula inatosha. Wengi wakishapata miwani hiyo hugundua kwamba vilengeo vyao vya zamani havikuwa na kosa lolote, na fedha za vilengeo vipya zinabaki mfukoni.

Tatu, tazama taa ndogo ya mbali usiku, mathalani taa ya ngalawa au ya mnara wa simu. Ikionekana na mikia, au imetawanyika kama nyota, huenda umbo la mbele la jicho lako halina mviringo ulio sawa. Kwa mtu huyo kilengeo cha nukta, ambacho nitakieleza mbele, kinaweza kuonekana kama koma au kishada cha zabibu badala ya nukta. Kipo kipimo cha kuondoa shaka dukani: piga picha ya nukta hiyo kwa simu kupitia kioo chake. Kama kwenye picha ni mviringo na kwa jicho lako ni kishada, kifaa ni kizima na jicho ndilo linalohitaji miwani.

Hatua ya 2: Tazama mwanga wa mahali pako

Mwanga wa visiwani una pande mbili kali. Saa sita mchana, baina ya mchanga mweupe wa pwani na kuta zilizopakwa chokaa, kila kitu kinawaka. Kilengeo chenye uso laini wa kung'aa kinarudisha jua machoni na kijiti kinapotea. Kwa hiyo uso wa kilengeo cha nyuma unaomtazama mpigaji uwe mweusi usiong'aa, na ukiwa na mistari midogo ya kulala iliyochongwa kuvunja mng'ao, ndiyo bora zaidi.

Halafu pana usiku. Ndani ya Mji Mkongwe, umeme ukikatika katika kichochoro chenye nyumba za ghorofa pande zote mbili, hata mkono wako huuoni. Watu wengi hukimbilia vilengeo vya tritiamu, vinavyojiwakia vyenyewe bila betri. Ni kifaa kizuri, lakini kina mambo mawili ya kujua. Nguvu yake hupungua kwa nusu kila miaka 12 na kidogo, kwa hiyo tafuta mwaka wa kutengenezwa. Kilichokaa dukani miaka 8 kimeshapoteza zaidi ya theluthi ya mwanga wake. Jambo la pili ni zito kuliko bei: tritiamu inakuonyesha bastola yako, haikuonyeshi nani yuko mbele yake.

Kwenye nyumba zetu watu hutembea usiku. Mwezi wa Ramadhani watoto wanaamka kula daku, mama anapita ukumbini kwenda kuwasha jiko, mzee anatoka kutia udhu kabla ya alfajiri. Mtu asiyetambuliwa halengwi, kwa sababu yoyote ile. Hivyo kabla ya kununua vilengeo vya usiku, nunua tochi nzuri ya mkononi. Ukiiwasha, utagundua kwamba vinukta vya tritiamu vinafifia mbele ya mwanga mweupe, na unachokiona ni kivuli cheusi cha kijiti ndani ya pengo. Kumbe hata usiku umbo la kijiti lina kazi kubwa kuliko nukta zake.

Hatua ya 3: Ijue bastola inakubali nini

Si kila bastola inabadilishwa vilengeo. Makarov ina kijiti cha mbele kilichochongwa pamoja na slaidi, hakitoki. Beretta 92FS ni vivyo hivyo kwa mbele. Kwa bastola za aina hiyo, cha kufanya ni kubadilisha cha nyuma tu, na kupaka rangi kijiti cha mbele. Usidharau rangi: safisha kijiti kwa spiriti, paka tone la rangi nyeupe kwanza, ikikauka paka juu yake rangi ya chungwa kali au kijani kibichi. Uso unaomtazama mpigaji tu ndio upakwe, na ukingo wa juu ubaki na makali yake. Inagharimu kidogo mno, na kwa wengi inatosha.

Glock inashika kijiti cha mbele kwa skrubu ndogo inayoingia kutoka chini ya slaidi, na cha nyuma kimesukumwa ndani ya mfereji wenye kuta zilizoinama kwa ndani. CZ 75 za asili zimeshika cha mbele kwa pini. Soma kijitabu cha bastola, au mpe fundi mwenye kibali aangalie, kabla hujalipia kitu.

Kwa kilengeo cha nukta, slaidi lazima iwe imechongwa kitako cha kukikalisha, na vitako hivyo havifanani baina ya watengenezaji. Matundu ya skrubu yakitofautiana kwa milimita chache, kifaa hakikai. Kama slaidi yako haikuchongwa kiwandani, ushauri wangu ni kuiacha hivyo. Usimpelekee fundi wa mashine ya kukereza vyuma hata akiwa hodari wa vipuri vya gari, na usikubali kamwe mtu achomelee kitu chochote juu ya slaidi. Moto wa kuchomelea unaharibu ugumu wa chuma, na slaidi ndiyo inayozuia mlipuko usimrudie mpigaji usoni.

Hatua ya 4: Chagua aina

Vilengeo vyeusi vitupu ndivyo vinavyopendwa na wapiga shabaha wa mashindano, kwa sababu macho hayavutwi na rangi. Sheria za shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha, ISSF, katika mashindano ya bastola ya mita 10 na ya mita 25 zinaruhusu vilengeo vya wazi tu, bila lenzi wala nukta ya umeme. Ukiwa mwanamichezo wa njia hiyo, suala limekwisha: nunua cha nyuma chenye skrubu za kurekebisha juu, chini na pembeni, ukafanye mazoezi.

Vya nukta tatu nyeupe, mbili nyuma na moja mbele, huja na bastola nyingi kutoka kiwandani. Mimi sivipendi. Nukta za nyuma zinashindana na ya mbele, na mtu mwenye haraka hupanga nukta badala ya kutazama kijiti. Ukiwa navyo, zizibe zile mbili za nyuma kwa rangi nyeusi isiyong'aa, uone tofauti.

Kijiti chenye unyuzi wa plastiki unaokusanya mwanga kinawaka vizuri mchana, na kwa jicho linaloanza kuchoka ni msaada mkubwa. Udhaifu wake ni kwamba unyuzi unavunjika, na baadhi ya dawa za kusafishia bunduki zinaulainisha au kuupasua. Nunua chenye unyuzi wa akiba ndani ya boksi. Gizani hakitoi chochote, kwa hiyo mwenye kazi ya usiku achague kijiti chenye tritiamu katikati na duara la rangi kali kuzunguka, huku cha nyuma kikiwa cheusi kitupu. Kwa mfanyabiashara au msimamizi wa ulinzi mwenye macho ya wastani, hicho ndicho ningemchagulia bila kusita.

Tazama pia upana. Kijiti cha milimita 3.2 ndani ya pengo la milimita 3.6 hadi 3.8 kinaacha mwanga wa kutosha pande zote mbili. Pengo likibana sana, mwanga unapotea na jicho la mtu mzima linashindwa kujua katikati ni wapi. Mpiga shabaha anaweza kubana zaidi ya hapo, kwa kuwa ana muda.

Sasa kilengeo cha nukta ya umeme. Hiki ni kioo kidogo juu ya slaidi kinachoonyesha nukta nyekundu au ya kijani. Mpigaji anatazama shabaha, macho yote mawili yakiwa wazi, na nukta inaelea juu yake. Hakuna tena kupanga vitu vitatu. Kwa mtu aliyepita miaka 50 ambaye kijiti kimekuwa ukungu hata kwa miwani, ni ukombozi. Ukubwa wa nukta huandikwa kwa MOA, kipimo kidogo cha pembe: 1 MOA ni kama sentimita 2.9 katika mita 100, yaani milimita 2.9 katika mita 10. Nukta ya 3 MOA inafunika karibu milimita 9 katika mita 10. Ya 6 MOA inafunika milimita 17. Ndogo inafaa kwa shabaha ya makini, kubwa inaonekana haraka zaidi. Wengi wanatosheka na 3 hadi 4.

Ukiamua kununua, kwa visiwa vyetu chukua kilichofungwa kila upande kama kisanduku, siyo kile chenye taa iliyo wazi nyuma ya kioo. Tone moja la mvua ya masika au punje ya mchanga ikikaa juu ya taa iliyo wazi, nukta inatawanyika au inapotea kabisa. Pia hakikisha kuna vilengeo vya kawaida virefu vya kutosha kuonekana kupitia kioo, ili betri ikifa usibaki kipofu.

Leza sikushauri kuitegemea. Juani haionekani, na inamfundisha mtu kutafuta nukta ukutani badala ya kujifunza kushika.

Kama bastola ni ya ofisi na inapita mikononi mwa watu watatu kwa zamu, usichague kwa macho ya bosi. Wapime wote watatu kwa hatua ya kwanza, uchague kinachomfaa mwenye macho dhaifu zaidi. Mwenye macho mazuri atakizoea.

Hatua ya 5: Pima kwa chumvi

Hewa ya pwani inakula chuma. Upepo wa kusi ukivuma, chumvi inafika hadi nyumba zilizo mbali na ufukwe, na unaiona kwenye nondo za madirisha. Chuma kilichotiwa weusi wa kawaida kitaanza kutu mapema kwenye ncha za kijiti, penye makali. Uliza kama kilengeo kimetibiwa kwa naitraidi, tiba ya kukaza uso wa chuma, au ni chuma kisichoshika kutu. Vya plastiki havipati kutu, ila vinalika pembeni kwa kusuguana na mfuko wa bastola, na kijiti kikilika risasi zinahama.

Kwenye kilengeo cha nukta adui yuko kwenye skrubu. Mwili wa alumini na skrubu za chuma, chumvi ikiingia katikati, alumini inaliwa taratibu na unga mweupe unajitokeza. Futa kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji matamu, kausha kabisa, kisha paka mafuta membamba kwenye chuma tu. Mafuta yasiguse kioo.

Lipo jambo jingine la hoteli na maofisi. Bastola iliyokaa chumba chenye kiyoyozi ikitolewa nje kwenye joto na unyevu, kioo kinapata ukungu papo hapo, kama miwani ya mtu anayetoka kwenye gari la baridi. Ukungu huo unakaa dakika kadhaa. Mwenye kuingia na kutoka namna hiyo apake dawa ya kuzuia ukungu kwenye kioo, au abaki na vilengeo vya kawaida, visivyojua baridi wala joto.

Hatua ya 6: Kufunga na kurekebisha

Kufunga kufanywe na fundi mwenye kibali. Wewe sisitiza mambo haya: cha nyuma kisukumwe kwa kifaa maalumu cha skrubu, kisipigwe nyundo ya chuma, skrubu zitiwe gundi ya nguvu ya kati, ile ya buluu, isiwe nyekundu inayohitaji moto kufunguka, na baada ya kukaza, ichorwe alama ndogo ya rangi kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye mwili wa kilengeo. Alama hiyo ikivunjika, utajua skrubu imezunguka.

Kurekebisha ni kwenye uwanja ulioruhusiwa tu, mbele ya msimamizi, masikio na macho yakiwa yamekingwa. Weka mikono juu ya mfuko wa mchanga, piga risasi 5 kwa utulivu katika mita 10, na utazame kundi lote, si tundu moja. Kabla ya kulaumu vilengeo, mwombe mwalimu apige 5 kwa bastola hiyohiyo. Mpigaji wa mkono wa kulia anayeivuta triga kwa pupa huangusha risasi chini na kushoto, na hakuna kilengeo kitakachomtibu.

Kundi la mwalimu nalo likiwa pembeni, kilengeo cha nyuma husogezwa upande ule unaotaka risasi ziende. Zikipiga kushoto, kisogeze kulia. Cha mbele ni kinyume: risasi zikiwa chini, kinahitaji kuwa kifupi zaidi, zikiwa juu, kirefu zaidi. Kiasi gani? Zidisha kosa kwa umbali baina ya vilengeo, ugawe kwa umbali wa shabaha, vyote kwa milimita. Mfano: kosa la milimita 60 chini, vilengeo milimita 160, shabaha milimita 10,000. Jibu ni 0.96, yaani kijiti kipungue kama milimita 1. Nunua kijiti kifupi zaidi badala ya kutia tupa. Kilichotiwa tupa hakirudi, na makali yake ya juu yanapinda.

Hatua ya 7: Baada ya kufunga

Betri ya kilengeo cha nukta ibadilishwe kila Ramadhani inapoingia, hata kama bado inawaka. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo betri haitapitisha mwaka mzima, na tarehe hiyo hakuna atakayeisahau. Nunua betri zilizofungwa kwenye pakiti yake, mara nyingi CR2032 au CR1632, na soma tarehe ya mwisho.

Mwisho jaribu mfuko wa bastola. Vilengeo virefu au kioo cha nukta mara nyingi haviingii kwenye mfuko wa zamani, au vinakwama kwenye ukingo wa ngozi wakati wa kutoa. Ukiwa na bastola tupu iliyokaguliwa, ingiza na utoe polepole mara nyingi, ukitazama kama kijiti kinakwangua ngozi au kinatoka na nyuzi zake. Kikikwangua, badilisha mfuko kabla hujaivaa tena.